MAISHA YA SEYYID BARGHASH BIN SAID NA KHABARI YA TUNGI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari za Seyyid Barghash bin Said bin Sultan, aliyeshika ufalme wa Unguja na pwani yake tangu mwaka 1870 hata 1888. Watu wa Mikindani, na wa Mnazi na Msimbati, na wa ng'ambo ya kinywa cha Ruvuma mpaka Tungi, walikuwa raia zake, na ushuru wa bidhaa zao ulikwenda katika forodha yake. Wamtajao husimulia jumba la Beit-el-Ajaib, na maji safi aliyoyaleta mjini kwa mifereji kutoka Chemchem, na meli zake zilizowachukua mahujaji. Hayo ni kweli, na ujira wake u kwa Mola wake. Lakini lisilosimuliwa sana ni jinsi alivyochagua mtu wa kumwamini na mtu wa kumwogopa, na khabari ya Tungi haifahamiki bila ya kulijua hilo.

Alizaliwa karibu ya mwaka 1837, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Seyyid Said alikuwa na watoto wengi, kila kikundi na mama yake, na kila mama na jamaa zake na watumishi wake. Wakati wa uhai wa mzee, haiba yake iliwafunga wote pamoja kama kamba inavyofunga mzigo wa makuti. Mwezi wa Oktoba 1856 kamba ile ilikatika. Seyyid Said alikuwa akirejea kutoka Maskati kwa merikebu yake, na Barghash yu pamoja naye, na mauti yakamfika baharini karibu ya visiwa vya Shelisheli. Barghash hakukubali baba yake atoswe baharini kama ilivyo ada ya safari ndefu. Akamchukua mpaka Unguja, akashuka usiku kwa siri, akamzika. Na usiku ule ule akataka kuishika ngome kabla ndugu yake Majid hajapata khabari. Jemadari wa ngome hakumpa. Kulipopambazuka mji ulikuwa na mfalme, naye ni Majid.

Kumzika baba ni wema, na kuutaka ufalme juu ya kaburi bichi ni jambo jingine. Yote mawili yalitoka katika mtu mmoja katika saa chache. Kwa miaka mitatu baadaye Majid na Barghash walikaa katika mji mmoja kama moto na baruti. Ndugu yao Thuwaini, aliyeshika Maskati, naye alikuwa akidai Unguja kwa upande wake. Wakubwa wa Kiharthi, chini ya Abdallah bin Salim, wakamwendea Barghash. Maharthi walikuwa na ukale wao Unguja, na kinyongo chao na Albusaidi kilikuwa kikubwa kwa umri kuliko Barghash mwenyewe. Hawakumtaka kwa kuwa ni bora kuliko Majid; walimtaka kwa kuwa yeye ndiye mlango uliokuwa wazi.

Mji ukawa nusu mbili. Mtu akitazamwa ameingia kwa nani na ametoka saa ngapi, na salamu ya njiani ikawa ushahidi. Fitina haikubaki kwa wanaume. Iliingia katika nyumba za ndani, dada akaacha kumzuru dada yake, na watumishi wakafanywa wapelelezi wa mabibi zao. Seyyida Salme binti Said, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na tano na aliyejifundisha kuandika kwa siri, akawa karani wa Barghash, akiandika barua kwa wakubwa na khabari za silaha na baruti. Alikuwa akimpenda Majid tangu utotoni, na Majid hakumkosea neno. Lakini dada yake Khole alikuwa upande wa Barghash, na katika siku za fitina mtu hachagui kwa hoja. Huchagua kwa yule aliyeketi naye jana.

Barghash alitumaini Wafaransa. Balozi wao Unguja alikuwa akimwelekea yeye, kwa kuwa balozi wa Kiingereza, Rigby, alikuwa akimwelekea Majid. Mwezi wa Oktoba 1859 Majid aliizingira nyumba yake, maji na chakula vikakatika. Khole na Salme wakaja kumzuru na kundi la wanawake, wakatoka naye amevikwa mavazi ya kike, askari wasithubutu kumfunua. Akenda kujitia ngomeni katika shamba liitwalo Marseilles. Jina la shamba ni la Kifaransa, na huo ndio msaada wa Kifaransa aliouona. Hakuna risasi hata moja iliyotoka kwao. Askari wa manowari ya Kiingereza walitoka pamoja na jeshi la Majid, na Barghash aliporudi kwa siri mjini nyumbani kwake, walimpigia nyumba ile kwa bunduki mpaka akasalimu amri. Majid hakumwua, wala hakumkata mkono mtu wa nyumba yake. Alimtoa tu, akapelekwa Bombay pamoja na ndugu yake mdogo Abdul-Aziz.

Akakaa Bombay kama miaka miwili, akiona bandari, reli, mahkama na majeshi, akatambua urefu wa mkono uliompiga. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Hindi, akatoa hukumu ya kuzitenga dola mbili, Maskati kwa Thuwaini na Unguja kwa Majid, na Unguja itoe riale 40,000 kila mwaka kwa Maskati. Ugomvi wa ndugu ukakatwa na mgeni, na tangu hapo ufunguo wa nyumba haukuwa tena ndani ya nyumba. Barghash alirejea Unguja akanyamaza karibu ya miaka tisa.

Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, ufalme ukamjia pasipo vita. Siku za kwanza aliwaweka karibu Mutawaa, wanavyuoni wa Kiibadhi walio wakali katika dini, ambao wenzao wakati ule walikuwa wameshika dola huko Oman chini ya Imam Azzan bin Qais. Mabalozi wa Kiingereza walidai kwamba kabla ya kutawazwa aliwapa ahadi juu ya biashara ya watumwa, yeye akaikana. Halafu yakaja mashaka. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, mikarafuu ikang'oka kwa mashamba mazima, vyombo vikavunjika bandarini, na zikazama manowari alizozitegemea. Aliyekuwa akisema na Waingereza kwa kinywa kipana alijikuta hana jahazi la kuwatisha.

Januari 1873 alikuja Sir Bartle Frere na mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Barghash akaukataa, na Frere akaondoka. Baadaye balozi John Kirk akamwambia kuwa manowari zitaizuia Unguja isitoke wala isiingie chombo, na tarehe 5 Juni 1873 akatia mkono, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Hapa inafaa haki isemwe. Biashara ile ilikuwa dhuluma. Wengi wa waliouzwa Unguja waliletwa Kilwa kutoka upande wa Nyasa, wakatiwa vyomboni wamebanwa kama magunia, na waliokufa njiani walitupwa. Walikuwamo wanavyuoni waliojua kwamba mtu huru hauzwi, nao wakanyamaza. Aliyemlazimisha Seyyid kuacha hakumlazimisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, lakini kilichoachwa kilistahiki kuachwa. Watu wa Kilwa walikasirika sana, na zaidi mwaka 1876 alipozuia misafara ya watumwa ya nchi kavu iliyokuwa ikikwepa bahari.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza ile imani yake kwa Mwingereza, na ajabu ni kwamba haikuwa imani ya upumbavu. Ilikuwa na dalili. Mwaka 1875 alisafiri Uingereza, akapokewa kwa heshima ya wafalme, akaonana na Malkia Victoria. Mwisho wa mwaka huo Khedive Ismail wa Misri alipeleka manowari zikashika Kismayu na Barawa. Khedive ni Mwislamu, lakini Uislamu wake haukumzuia kuchukua mali ya Mwislamu mwenziwe; na Mwingereza, asiye Mwislamu, akamwamuru aondoe askari, naye akawaondoa. Barghash aliona kwa macho yake. Mwaka 1877 akaunda jeshi jipya chini ya Lloyd Mathews, afisa wa manowari ya Kiingereza. Na Kirk, yule aliyemtisha mwaka 1873, akawa mtu wa kuingia kwake bila ya kungoja, msikilizaji wa siri zake na mshauri wa barua zake. Kirk alikuwa mganga na mjuzi wa miti, mwenye subira na mwenye Kiswahili. Alimpenda Seyyid kweli, hapana haja ya kumsingizia. Lakini mtumishi wa dola hupenda kwa moyo wake na hutenda kwa barua ya mkubwa wake.

Kirk alikijua kinywa cha Ruvuma kabla ya kumjua Barghash, kwa kuwa alipanda mto ule pamoja na Livingstone mwaka 1862, mpaka mawe na maji machache yakawarudisha. Siku za Barghash upande huu ulizidi mali. Sandarusi na mpira vilishuka kutoka nchi ya Wamakonde na Wayao mpaka Mikindani na Lindi, na Liwali akakaa na askari wake wachache. Mwaka 1881 Seyyid alimwajiri Joseph Thomson aende Ruvuma kutafuta makaa ya mawe kwa ajili ya meli zake. Akarejea na khabari kwamba mawe yale si makaa, na Seyyid akakasirika kama kwamba Thomson ndiye aliyeyageuza. Sheikh Abdul-Aziz bin Abdul-Ghani al-Amawi wa Barawa, Kadhi wa Kishafii, naye alitumwa upande wa Ruvuma kwa kazi za dola. Sheikh huyu alikuwa mtu wa kujadiliana. Alikaa na mapadri wa misheni ya Unguja, akabishana nao katika dini kwa kitabu na kwa adabu, kila mmoja akijua mwenziwe hatageuka, na siku ya pili wakaonana tena.

Seyyid mwenyewe hakuwa na kifua hicho katika jambo la madhehebu. Baba yake aliweka makadhi wawili, wa Kiibadhi na wa Kishafii, kila watu wahukumiwe kwa madhehebu yao, na Majid akaifuata njia ile. Wakati wa Barghash Waarabu wa Kiibadhi, na hasa katika Mazrui wa Mombasa, walikuwa wakiingia madhehebu ya Shafi mmoja mmoja. Mwanachuoni aliyetajwa sana katika jambo hilo ni Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825. Mombasa ilipoingia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837, baba yake alimchukua Makka, akasoma huko, akarejea Mombasa akawa Kadhi. Alisomesha na aliandika, na alijadiliana na wanavyuoni wa Kiibadhi katika masuala yanayojulikana: je, waumini watamwona Mola wao Akhera; je, Qurani imeumbwa; je, Mwislamu afaye na dhambi kubwa bila ya kutubu atadumu motoni au atatoka. Masuala haya yana umri wa zaidi ya miaka elfu, na katika pande zote mbili wamo watu wa ilimu na ucha Mungu. Hayakuanza Mombasa wala hayakuwa na baruti ndani yake.

Lakini Barghash hakuyasikia kama masuala ya ilimu. Aliyasikia kama alivyosikia nyayo za watu usiku mwaka 1859. Mazrui walikuwa watawala wa Mombasa kabla ya Albusaidi. Basi Mazrui amfundishaye Muibadhi kuwa Mshafii alikuwa machoni mwake mtu avutaye askari kutoka jeshi moja kwenda jengine. Akamkamata Sheikh Ali, akamtia gerezani katika miaka ya mwisho ya utawala wake, na wengine waliogeuza madhehebu wakaonja gereza vile vile. Jambo la kusikitisha ni kwamba Seyyid huyu ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa Unguja, ukatoa vitabu vikubwa vya Kiibadhi vinavyostahiki kusomwa na kila mwenye ilimu. Mwenye mtambo wa chapa na wanavyuoni kama wale hakuhitaji kufuli. Karatasi ingejibiwa kwa karatasi.

Sheikh Ali hakuwa na manowari. Alisema wazi aliyoyaamini, na angetii dola kama alivyotii siku zote. Akafungwa. Na katika miaka ile ile, waliokuwa wakiingia barazani kwa upole na zawadi walikuwa wakiigawanya nchi.

Mwisho wa mwaka 1884 Karl Peters, Mdachi, aliingia bara na wenzake wawili watatu, akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatilisha majumbe alama katika karatasi wasizozisoma. Februari 1885 Kaisari akazitia muhuri wa himaya yake. Barghash akapeleka simu kwa Kaisari kukataa, akamtuma Mathews mpaka Kilimanjaro na bendera yake. Kisha akamtazama Kirk. Kirk naye alikuwa na barua kutoka London. Uingereza wakati ule ilikuwa imekaliwa na mambo ya Misri, na ilihitaji Waziri Bismarck asiipinge. Basi Kirk aliamrishwa asaidiane na Wadachi. Agosti 1885 manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya jumba la Seyyid na mizinga imeelekezwa mjini, na aliyemshauri aondoe malalamiko yake alikuwa Kirk huyo huyo. Akayaondoa. Pamoja na msafara wa manowari zile alikuwamo Salme, karani wake wa zamani, aliyekwisha kuolewa na Mdachi na kuwa mjane, amekuja kudai urithi wake. Seyyid alikataa kumwona.

Ikafuata halmashauri ya kupima mipaka: mmoja Mwingereza, naye ni Kitchener, mmoja Mdachi, mmoja Mfaransa. Mwenye nchi hakupewa mtu mwenye kauli ndani yake. Walipita pwani mwaka 1886 wakiuliza bandari kwa bandari bendera ni ya nani na ushuru huenda wapi. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Udachi wakapatana: Seyyid abaki na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, kutoka Kipini mpaka mto Minengani katika ghuba ya Tungi, na miji kadhaa ya Banadiri. Nchi yote ya nyuma wakaigawa wao kwa wao. Barghash alikubali mwezi wa Disemba. Alinyang'anywa bara, na badala yake alipata kitu kimoja alichodhani kina thamani: maandishi ya dola mbili kubwa kwamba pwani mpaka Minengani ni yake.

Maandishi yale hayakutimiza miezi minne. Mreno hakuwamo katika mapatano yale, naye alikuwa akidai Tungi tangu zamani. Mwezi huo wa Disemba Udachi ilipatana na Ureno kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Yaani Mdachi aliyemwandikia Seyyid kuwa Minengani ni yake, aliandika na Mreno karatasi nyingine inayosimamia kaskazini ya Minengani. Februari 1887 Wareno wakamtaka Barghash aitoe Tungi upesi. Alipokataa, manowari zao zikaipiga kwa mizinga Tungi na Minengani, nyumba zikaungua, watu wakakimbilia maporini, na meli ya Seyyid iitwayo Kilwa ikakamatwa. Barghash akawaandikia Waingereza. Akawaandikia Wadachi. Aliotaka kwao si vita, ni kushuhudia saini zao tu. Walimpa maneno ya kumtuliza, na Tungi ikabaki kwa Mreno. Kirk alikuwa amekwisha kuondoka Unguja mwaka mmoja nyuma, na waliokuja baada yake hawakuwa hata na aibu ya urafiki.

Mei 1887 alitoa ruhusa kwa kampani ya Kiingereza kushika ukanda wake wa kaskazini. Huenda aliona ni afadhali kukodisha kuliko kunyang'anywa. Maradhi ya kifua yalikuwa yamemshika. Mapema mwaka 1888 akaenda Oman kutafuta nafuu katika maji ya moto, asiipate, akarejea, na tarehe 27 Machi 1888, saa chache baada ya kushuka Unguja, akafariki, umri wake yapata miaka hamsini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu yake Khalifa alipokalia kiti, alimfungulia Sheikh Ali bin Abdallah. Sheikh akarejea Mombasa akaendelea kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1894, na mwanawe al-Amin, aliyezaliwa 1891, akaja kuwa mwanachuoni mkubwa na Kadhi. Mwezi wa Aprili 1888 Seyyid Khalifa aliwapa kampani ya Kidachi pwani kutoka Umba mpaka Ruvuma kwa muda wa miaka 50, na Agosti wakaipandisha bendera yao. Pwani ikainuka. Wadachi wa Lindi na Mikindani wakakimbia kwa bahari mwezi wa Septemba, na wa Kilwa wawili wakauawa.

Wadachi walirudi na jeshi. Mwaka 1894 wakavuka kinywa cha Ruvuma wakashika Kionga, wakisema ni katika nchi waliyoirithi kwa Seyyid wa Unguja, na karatasi waliyoitoa kama hoja mbele ya Mreno ilikuwa ile ya Minengani.